Nafasi Moja kwa Kila Shule

Mutegi aliitwa kwa jina lake mjini Embu, mchana kweupe, na hakugeuka.

Habari hiyo aliileta jirani yao Ciakuthii, pale kituo cha kupimia majani chai cha Kibugu, kabla hata hajashusha kikapu mgongoni.

"Mama Rwamba, mimi si mtu wa kubeba maneno, unanijua. Lakini mkwe wangu amemwita mzee wako, 'Mutegi! Mutegi!' Wako karibu hivi, kama mimi na wewe. Mzee akaangalia chini, akapita."

"Labda hakusikia," akasema Virginia, mkewe Mutegi.

"Hakusikia! Mwalimu anayesikia mtoto akitafuna muwa nyuma ya darasa? Akikataa jina lake huko mjini, basi ana nyumba ya pili, mama."

Wanawake wakacheka. Virginia naye akacheka, akamwaga majani yake kwenye gunia.

Mutegi alikuwa anafundisha bila cheti cha ualimu. Serikali ilipoanzisha masomo ya posta na redio kwa walimu kama yeye na wale wa daraja la chini, kila shule ilipewa nafasi moja tu. Mwalimu mkuu, Kivuti, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na cheti cha daraja la chini kabisa, alikuja hadi nyumbani kwao, akanywa uji vikombe viwili, akasema atakayesoma ni Mutegi. "Mimi nimezeeka. Mambo ya vitabu nimewaachia nyinyi vijana." Virginia alifurahi, akamfungia jogoo aende naye.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Saa ya redio hakuna kukohoa. Virginia alihamisha sufuria nje, akawa anapika kwenye upepo, moshi wote machoni, ili vifuniko visigongane mumewe akisikiliza masomo. Majibu yakiwa tayari, Kivuti mwenyewe ndiye aliyeyapeleka posta. Hakumwachia mtu mwingine ayaguse. Na kila likizo Mutegi alishuka Embu kukutana na wakufunzi, akimwachia mkewe chai, ng'ombe na kuni.

Aliyeumia zaidi ni Rwamba, binti yao. Alikuwa amepita darasa la saba vizuri, akaitwa sekondari, lakini karo haikuwepo. "Ngoja kidogo," baba yake alimwambia. "Nikipata cheti mshahara utapanda, nawe utaenda." Wenzake wakaenda. Rwamba akabeba kikapu, na vidole vyake vikawa vyeusi kwa utomvu wa chai. Hakulalamika. Ila wenzake waliporudi likizo na sare zao, yeye alianza kupitia njia ya chini, ile ya mtoni, ambayo ina matope na haina watu.

Kwa hiyo Virginia hakulia kwa sababu ya mwanamke wa Embu. Alichotaka kujua ni kama cheti kipo.

Kesho yake asubuhi alipika irio za viazi na mahindi, akazifunga kwa jani la mgomba, akamwambia Rwamba avae viatu vya kanisani.

"Mama, na tukimkuta na mtu?"

"Tukimkuta na mtu, huyo mtu atapanda Kibugu kuchuma chai, na wewe utaenda shule."

Mjini waliuliza, wakaelekezwa kwenye ukumbi ambako walimu wa posta walikuwa wanakutana. Virginia alichungulia dirishani. Mutegi alikuwa kwenye benchi la mbele, kichwa kimeinamia kitabu, penseli nyuma ya sikio, vile anavyokaa nyumbani. Hapakuwa na mwanamke karibu naye ila mtawa mmoja mzee aliyekuwa anasinzia.

Virginia alijishika kiuno, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Ciakuthii atanitambua leo!"

Mlinzi akatoka. "Mnatafuta nani, mama?"

"Mwalimu wangu, yule pale mbele."

"Ah, yule! Huyo ni moto. Ingieni mkae nyuma. Leo wanafunga masomo, wanapewa vyeti."

Wakaingia kwa kunyata. Irio zilikuwa bado na joto mapajani mwa Virginia. Mkufunzi, mtu mrefu mwenye miwani, alikuwa amesimama mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe.

"Kuna mwalimu mmoja," alisema, "ambaye hakuchelewesha kazi hata mara moja. Milima hii na mvua hii yote, kazi yake ilifika. Katika mtihani amewashinda wenzake wa wilaya nzima. Nimeshaandika wizarani apandishwe daraja."

Watu wa benchi la mbele wakamgeukia Mutegi. Mmoja akampiga begani. Yeye hakuinua uso.

"Ni baba," Rwamba akanong'ona. "Mama, ni baba!"

"Ni yeye. Jumatatu tunaenda kwa fundi akupime sare."

Rwamba akaanza kupiga makofi kabla ya mtu mwingine yeyote, na ukumbi mzima ukamfuata.

"Mwalimu Kivuti," mkufunzi akaita juu ya makofi, "njoo uchukue cheti chako."

Virginia aligeukia mlangoni, akidhani mwalimu mkuu amefika. Hapakuwa na mtu. Alipotazama mbele tena, Mutegi alikuwa ameinuka, anafunga vifungo vya koti, anakwenda kukipokea, na Rwamba bado anapiga makofi.