Mche wa Mkilua

Serikali ya jimbo ilitangaza kilua kuwa ua lake rasmi, na mpiga picha akatumwa kwa Bi Mashavu, maana mkilua wake uliinamia barabarani. Jirani yake, Bi Rukia, alitazama kwa wivu kutoka uani kwake. Mti ule aliutoa yeye, ungali mche ndani ya kopo la maziwa.

“Shoga,” Bi Mashavu aliita juu ya ukuta, “niazime ile kanga yako mpya. Nitatoka gazetini.”

“Umemwambia mche ulitoka kwa nani?”

“Hajauliza, shoga. Kauliza jina langu tu.”

Bi Rukia aliingia ndani akatoa kanga. Alipofika kwenye mkilua wake mwenyewe, alichuma vilua vyote vilivyochanua, akavifunga kwenye pindo kwa fundo gumu, kisha akairusha kanga ng'ambo.

Bi Mashavu alijitanda, akasimama kando ya mti wake. Mpiga picha akavuta pumzi.

“Harufu nzuri. Ndiyo ya mti huu?”

Bi Mashavu alilishika lile fundo kwa vidole. Kamera ilikuwa imeshainuliwa, na nyuma ya ukuta Bi Rukia alikuwa ametega sikio asikie kama atatajwa.