Koplo Ngwali Apanga Foleni

Wiki ya tatu tangu wanajeshi watwae serikali, Koplo Ngwali alikuja bombani na ndoo yake, akasimama nyuma ya jirani yake, Bi Tunu. Zamani Bi Tunu angemtania: "Ngwali, kwa magoti hayo utalinda mpaka gani?" Leo aliokota dumu lake, akahamia nyuma yake.

"Mama, mbona wanipisha? Mimi ndiye wa mwisho."

"Tangulia tu, afande."

Aliyefuata naye akahama, na mwingine, na mwingine, mpaka mbele ya Ngwali likabaki bomba peke yake.

"Jamani, ni mimi. Nitanieni basi, hata kidogo," akasema, akicheka mwenyewe.

"Hatuna neno, afande," akajibu Bi Tunu, macho chini.

Akatega ndoo. Maji hayo hutoka mara moja tu kwa juma. Ndoo ikajaa, ikafurika, yakamwagikia buti zake. Ngwali hakufunga bomba. Aligeuka akamtazama Bi Tunu, akingoja walau amfokee. Foleni nzima ilikumbatia madumu matupu, ikiyatazama maji yakielekea mtaroni.