Boya la Nta

Gari lilikohoa, likazimika katikati ya msitu, kabla hawajafika Kilifi.

"Fundi, kipimo chako cha mafuta chasemaje?" aliuliza dereva.

Kishor alikuwa amejibana nyuma, kando ya tangi, kwani gari lile kuukuu la mashindano lilikuwa na viti viwili tu. Katika kiti cha pili mkewe aliugulia uchungu. Mtoto alikuwa amekingama tumboni, na mkunga wa Malindi alikwishashindwa. Lililobaki ni daktari wa Mombasa.

"Chasema tangi limejaa."

Alifungua kifuniko, akatumbukiza kijiti. Kikatoka kikavu.

Akakichomoa kipimo chenyewe. Wiki iliyopita boya lake lilikuwa likinywa mafuta na kuzama, akalipaka nta ya nyuki, akalijaribu kwenye ndoo ya maji. Likaelea kutwa. Hakutaka kupoteza petroli kwa kujaribia. Sasa petroli ilikuwa imeiyeyusha ile nta, nayo ikaganda kwenye bawaba, ikaushikilia mshale pale pale juu.

Madebe ya petroli ya akiba aliyashusha kwa mikono yake Malindi, apate pa kukaa.

"Njia hii hapiti mtu hadi siku ya soko," dereva alisema polepole.

Kishor akaikwangua nta kwa ukucha. Mshale ukaanguka hadi chini kabisa.

"Umeshatengeneza?" mkewe aliuliza, macho kayafumba.

"Nimeshatengeneza," alisema, akakirudisha kipimo mahali pake, akaanza kukaza skrubu, moja moja.