Shimo la Mdako

Nilirusha jiwe juu, nikaliacha lianguke makusudi.

"Umeungua, mama," Devota akacheka. "Zamu yangu."

Tulikuwa tumekaa chini nyuma ya nyumba, hapa Haneti, shimo la mdako katikati yetu na kokoto kumi ndani yake. Mkono wa kulia wa Devota umejikunja ngumi tangu alipougua akiwa mchanga. Dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alituambia tumchezeshe kila siku.

"Kushika atashika," alisema. "Kazi ni kuachia."

Vibanio vya plastiki alivyotupatia, mtoto alivikataa. Ndipo nikakumbuka mdako.

Marehemu mama alinifundisha papa hapa, mikono yake ikinukia karanga mbichi. Aliungua kila mara. Mwanamke aliyepepeta mtama bila kumwaga punje hakuwahi kudaka jiwe mbele yangu, nami nikakua nikijisifu kwamba nilikuwa namshinda.

Sasa, jiwe langu likiwa bado linabingirika vumbini, ndipo nilipomwelewa. Macho yakanijaa machozi.

Devota aliniona. Akaacha kucheka, akaliokota jiwe kwa mkono wa kushoto, akalirusha kidogo tu, akalidaka kwa wa kulia.

Miezi minne tulikuwa tukiusubiri mkono ule.

Akanitazama tena. Kisha akakunjua kidole kimoja, cha pili, cha tatu, polepole, mpaka jiwe likadondoka.

"Nimeungua," akasema. "Zamu yako, mama."