Ganzi ya Miezi Mitano

Mwanakheri alipodondokwa na uji kidevuni bila kujua, wewe, jirani yake, uligeuza uso. Mdomo wake wa chini ulikufa ganzi alipong'olewa gego la mwisho, na daktari akamwambia, "Siku mbili tu, mama." Naye ni mshona kofia, hubana sindano mdomoni. Mara ngapi alijichoma, akaona damu kwenye kitambaa ndipo akajua?

Leo, baada ya miezi mitano, amerudi nawe, akajidunga mdomo kwa sindano mbele ya daktari. Akashtuka, akacheka.

"Inauma, daktari."

"Basi umepona. Niandike nini tena kwenye faili lako?"

"Andika ganzi ilidumu miezi mitano. Wagonjwa wenzangu wako nje wanangoja kung'olewa, nao wajue."

Daktari anaitazama kalamu, haigusi. Wewe uliyeketi kando yake uliona yote. Simama useme, sasa hivi.