Dakika Kumi Nyuma

Kamera iliyofungwa juu ya mlango ilichukua kila kilichofanyika ukumbini, na dakika kumi baadaye kikaonekana ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe, na watu walikuja kujitazama.

Mashavu alikataa kutoka. Mumewe, Sudi, alikuwa ameshabebwa nje, amefunikwa kanga gubigubi. Lakini ukutani Sudi alikuwa bado mzima, amesimama nyuma ya mkewe akiweka kofia sawa.

“Mama, niizime?” aliuliza msanii kwa sauti ya chini.

“Iache. Nataka nione alivyoanguka. Nilikuwa nimempa mgongo.”

Kweli, ukutani alikuwa amempa mgongo, akicheka kujiona alivyoingia. Sudi akashika kifua. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, vidole vikakaribia bega la mkewe, vikabaki hapo. Mwanamke wa ukutani aliendelea kucheka.

“Geuka,” Mashavu alimwambia. “Geuka basi, mwenzangu. Anakuita.”

Yule hakugeuka. Mashavu akageuka yeye, mikono mbele. Nyuma yake palikuwa na sakafu tu, na kofia ambayo hakuna aliyekumbuka kuiokota.