Cheti cha Igoki Njiru

Karani wa kaunti alitaka kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu na barua ya chifu. Vyote nilikuwa navyo.

"Jina la mama mkwe wako likishafungwa halifunguliwi tena," alisema. "Hakuna mlango wala mfereji wa maji utakaolitambua. Nifunge?"

"Funga tu, bwana! Nimepanga foleni tangu alfajiri."

Cheti kikatoka: Igoki Njiru. Nikakikunja, nikaenda shuleni kumchukua Igoki wangu wa miaka sita. Kwetu Embu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo naye ni Igoki Njiru.

Tulipofika nyumbani alitangulia mbio, akabandika kiganja mlangoni kama kila siku. Mlango haukufunguka. Uliniambia kwa upole, "Pole kwa kufiwa na Igoki Njiru."